Nani Atasema "Twende"? Mwongozo kwa Familia ya Mjamzito, Kitale na Bungoma

Kama kuna mjamzito nyumbani kwako, ulizaneni leo jioni kabla hamjalala: mambo yakiharibika usiku, ni nani hapa anayeweza kusema "twende" bila kumngoja mtu mwingine? Msijibu haraka. Katika maboma mengi ya Trans Nzoia na Bungoma, jibu la kweli ni kwamba hakuna. Mama mwenyewe anamngoja mume. Mume yuko Nairobi, au yuko Eldoret kwenye mjengo, na simu yake haipatikani. Mama mkwe anasema yeye alizaa saba hapa hapa na uchungu wa kwanza huwa mrefu. Jirani mwenye gari anangoja aambiwe na mwenye mji. Wote hao wanamtakia mema, na saa zinakwenda.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba mama mwenye matatizo ya uzazi hucheleweshwa mahali patatu: nyumbani wakati wa kuamua, njiani, na ndani ya hospitali yenyewe akingoja kuhudumiwa. Wakunga na madaktari wanaujua mgawanyo huo tangu chuoni. Wewe ninataka ushike jambo moja tu: ucheleweshaji wa kwanza uko mikononi mwenu kabisa, wa pili uko mikononi mwenu nusu, na hata ule wa tatu, ambao watu huwaachia Mungu na manesi, una mambo ambayo familia inaweza kuyafanya.

Muda mlio nao

Kuna makadirio ya kitaalamu ya muda wa wastani unaopita kati ya tatizo kuanza na mama kufariki, iwapo hapati tiba. Damu inayomwagika baada ya kuzaa: saa 2. Damu inayotoka kabla ya kuzaa: saa 12. Mfuko wa uzazi uliopasuka: siku 1. Kifafa cha mimba: siku 2. Uchungu uliokwama: siku 3. Maambukizi: siku 6. Huo ni wastani. Wapo wanaofariki mapema zaidi, na mtoto aliye tumboni mara nyingi hana hata nusu ya muda huo.

Chukua zile saa 2 za kwanza uzipeleke Mlima Elgon, juu ya Kapsokwony, mwezi wa Mei mvua ikiwa imenyesha. Mama amejifungulia nyumbani, na damu inaanza kumwagika saa tatu usiku. Nusu saa ya kwanza watu wanaambiana kwamba damu ya uzazi ni kawaida. Nusu saa ya pili inaishia kwenye kumtafuta mume kwa simu na kumtafuta mtu wa bodaboda atakayekubali kuteremka kwenye matope. Saa nne ndipo safari inapoanza. Wakifika kituo cha kwanza saa tano kasorobo na kuambiwa hapa hatuna damu ya kumwongezea, endeleeni Kimilili, au Webuye, au Bungoma mjini, zimebaki dakika kumi na tano. Hakuna mtu mbaya katika hesabu hii. Kila mmoja alifanya jambo la busara kwa wakati wake, na mama hakufika.

Kwa hiyo mengi ya kufanya yanafanywa miezi kabla, wakati mama ni mzima na watu wanacheka.

Dalili zisizongoja asubuhi

Nianze na damu, kwa sababu ndiyo yenye muda mfupi kuliko zote. Watu huuliza: damu kiasi gani ndiyo nyingi? Hospitalini damu ya baada ya kuzaa huhesabiwa kuwa hatari ikifika nusu lita, yaani pakiti moja ya kawaida ya maziwa ya dukani. Nyumbani hakuna anayepima, basi tazama hivi. Pedi mbili au tatu zikijaa ndani ya nusu saa, ondoka. Leso ikiloa chepechepe na nyingine uliyomtandikia ikaanza kuloa, ondoka. Yakitoka madonge makubwa kama ngumi, ondoka. Na usidanganywe na damu ndogondogo isiyokatika: mama anaweza kuwa amelala kimya, mnadhani amechoka, kumbe anaishiwa. Gusa paji la uso. Likiwa na jasho baridi, anahema harakaharaka, anaomba maji kila mara au maneno yake hayaeleweki, msimngoje mtu yeyote.

Mkiwa mnatafuta usafiri, mlazeni chali, miguu imeinuliwa, afunikwe blanketi. Mtoto awekwe kwenye titi, kwa sababu kunyonya kunaufanya mfuko wa uzazi ujikaze. Mama akojoe kama anaweza. Kibofu kilichojaa kinauzuia mfuko kukaza. Sugua tumbo lake chini ya kitovu kwa mkono mpaka usikie limekuwa gumu, na likilegea usugue tena. Kondo la nyuma lisipotoka ndani ya nusu saa, hiyo peke yake ni safari ya hospitali, na asiwepo mtu wa kuvuta kitovu. Likiwa limetoka, litieni kwenye mfuko mwende nalo, nesi aone kama limetoka lote.

Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Wakunga waliweka chini ya mama plastiki yenye alama za vipimo, wakaiona damu mapema, na ilipofika kiwango cha hatari wakatoa tiba zote kwa pamoja badala ya kujaribu moja, kungoja, kisha kujaribu nyingine. Kutoka damu kupita kiasi, pamoja na upasuaji na vifo vilivyotokana nako, kulipungua kwa asilimia 60. Tiba zenyewe zilikuwa zinajulikana siku zote. Kilichobadilika ni kuona mapema na kutosita, na hayo mawili hata ninyi nyumbani mnayaweza.

Presha ni adui wa namna nyingine. Haina damu wala kelele. Inakuja baada ya mwezi wa tano, na inaweza kuja hata baada ya kujifungua. Mama anaumwa kichwa kisichokubali dawa za maumivu. Anaona vimulimuli au ukungu machoni. Anasikia maumivu juu ya tumbo, chini ya mbavu za kulia, na watu wanamwambia ni vidonda vya tumbo. Uso na mikono inavimba hata pete haitoki. (Miguu peke yake huwavimba wajawazito wengi, uso na mikono ndiyo ya kuogopwa.) Huku Bungoma, ambako malaria haiishi, kichwa hicho hupewa dawa ya malaria na siku mbili zinapita hivyo. Malaria ipimwe, ndiyo, lakini presha ipimwe siku hiyo hiyo.

Jifunze kusoma namba mwenyewe. Ikifika 140 kwa 90, mama aonwe na daktari au mkunga leo. Ikifika 160 kwa 110, ni dharura, hata kama anatembea na kuongea. Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba yao Septemba 2023 wana mashine ya presha. Mjue wa kijiji chenu ni nani, na mwombeni awe anapita kumpima mama kuanzia mwezi wa tano.

Presha ikiachwa, huja degedege, yaani kifafa cha mimba. Mama anakakamaa, anatetemeka, macho yanageuka, kisha anazimia. Hapo ndipo siku nyingi hupotea, kwa sababu wapo watakaosema amerogwa, na wapo watakaotaka apelekwe kuombewa. Ombeni mkiwa kwenye gari. Mlazeni kwa ubavu wa kushoto, ondoeni vitu vinavyoweza kumwumiza, msimtie kijiko wala kidole mdomoni, msimnyweshe chochote. Dawa ya kuzuia degedege hilo ni sindano ya magnesiamu salfeti. Si dawa ghali, na utafiti mkubwa wa kimataifa uliotolewa mwaka 2002 ulionyesha kuwa inapunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu kwa wenye presha ya mimba. Kituo cha afya kinaweza kutoa dozi ya kwanza kabla ya kumpeleka mama hospitali kubwa. Kwa hiyo mkipewa rufaa, ulizeni kwa adabu: "Sista, ameshachomwa magnesiamu?"

Uchungu uliokwama hauna ghafla ya damu wala ya degedege, na ndiyo sababu familia huuvumilia. Uchungu wa kweli, ule unaokuja kwa mpangilio na kuzidi nguvu, ukiwa umepita saa 12 na mtoto hajatoka, msingoje jua lingine. Na hapa niseme wazi kuhusu dawa za mitishamba za kuharakisha uchungu. Zipo, na wanaozitoa wengi wana nia njema. Lakini hakuna anayejua nguvu iliyo katika kikombe, na mfuko wa uzazi unaosukumwa kwa nguvu dhidi ya njia iliyofungwa hupasuka. Kama ameshakunywa, msimfiche daktari. Mkunga wa jadi mnayemwamini aje nanyi hospitalini, amshike mama mkono. Ana kazi kubwa hapo, na anayajua yaliyotokea tangu mwanzo.

Mengine niyapitie upesi, ingawa kila moja linatosha kuwaondoa nyumbani: chupa kupasuka na uchungu hauji, maji yenye rangi ya kijani, homa kali au uchafu wenye harufu mbaya, kabla au baada ya kuzaa, mtoto aliyekuwa akicheza ametulia, mkono, mguu au kitovu kutangulia. Kitovu kikitangulia, mama apige magoti, kifua chini na makalio juu, akae hivyo hivyo hadi hospitalini. Na katika miezi mitatu ya kwanza, maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo pamoja na kizunguzungu au kuzirai: hiyo yaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mfuko, inayovuja damu ndani kwa ndani.

Ruhusa itolewe mapema

Sasa turudi kwenye lile swali. Njia ninayoiamini ni hii. Mimba ikifika mwezi wa tano, mume amwambie mkewe mbele ya mama yake na ndugu zake, kwa maneno yanayosikika: "Ukiona dalili moja kati ya hizi, nenda. Usiningoje. Utanipigia ukiwa njiani." Maneno hayo yanamwondolea mama mkwe mzigo wa kuamua na jirani woga wa kulaumiwa, na mama mwenyewe haogopi tena kuambiwa ana haraka au anapoteza pesa. Msichana asiye na mume, aliye kwa wazazi wake, apewe ruhusa hiyo hiyo na baba au mama yake. Yeye ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kunyamaza, kwa sababu tayari anajiona amewaaibisha.

Wapo wanaoona kwamba kupanga hivi ni kuita mabaya, na kwamba nguo za mtoto hazinunuliwi kabla hajafika. Nawaheshimu. Basi mfuko wa vitu vya safari ukae kwa shangazi. La muhimu uwepo, na mtu ajue uko wapi.

Andikeni kwenye jalada la kijitabu cha mama na mtoto namba za watu watatu wa bodaboda wanaolala karibu, si mmoja. Ya mwenye Probox. Ya nesi wa zahanati. Ongezeni 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu. Mwulizeni nesi namba ya ambulensi ya kaunti yenu, na mwulizeni pia kama inafika kwenu au mnatakiwa kukutana nayo barabarani. Katika sehemu za mlimani mara nyingi ni la pili. Mwulizeni vilevile kuhusu PROMPTS, huduma ya ujumbe wa simu ya shirika la Jacaranda Health, ambayo mjamzito anaitumia bila malipo kuuliza swali na kujibiwa.

Halafu damu. Kwenye kliniki mama atapimwa kundi la damu; lijueni. Akiwa na kundi la hasi, kama O hasi, mwambieni mkunga mapema, kwa kuwa atahitaji sindano maalumu ndani ya saa 72 baada ya kuzaa iwapo mtoto ana kundi la chanya, na kwa kuwa damu yake ni ngumu kupatikana. Tafuteni watu wawili watatu wazima, wenye umri wa miaka 16 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, wakubali kwamba wakipigiwa simu wataenda kutoa damu. Afadhali zaidi wakatoe mapema kabla ya siku yenyewe.

Pesa na msimu

Trans Nzoia na Bungoma ni nchi ya mahindi, na pesa ya mkulima ina majira yake. Mwezi wa tatu na wa nne yote iko kwenye mbegu na mbolea. Kati ya wa sita na wa nane ghala ni tupu na barabara ni matope. Mavuno yakiingia mwishoni mwa mwaka, mifuko inajaa. Hesabuni basi siku za mama zitaangukia wapi. Kama ni mwezi wa saba, pesa ya dharura iwekwe kando tangu mavuno, na iwekwe kwenye simu ya mama mwenyewe, naye ajue namba ya siri. Pesa iliyo kwenye M-Pesa ya mume aliye mbali ni ya kungoja tena. Chama cha akina mama nacho kinaweza kukubaliana kwamba mwenye mimba ya miezi minane na zaidi ana haki ya kukopeshwa usiku huo huo, kikao kikae baadaye.

Kuhusu bima, wengi bado wanaishi na habari za zamani. Huduma za kujifungua katika hospitali za umma zilitangazwa kuwa bure tarehe 1 Juni 2013, kisha zikawa Linda Mama chini ya NHIF. Tangu Oktoba 2024 NHIF haipo, kuna SHA. Unajiandikisha kwa kubonyeza *147# au kituoni ukiwa na kitambulisho. Zahanati na vituo vya afya hulipiwa kutoka mfuko wa huduma za msingi, lakini kwa kulazwa hospitalini michango ya familia lazima iwe imelipwa, na wasio na ajira rasmi wanatakiwa kulipa ya mwaka mzima. SHA huilipa hospitali shilingi 10,000 kwa kuzaa kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Fanyeni hayo mimba ikiwa ya miezi mitatu, na hakikisheni jina la mke limeingizwa kwenye akaunti ya mume. Si jambo la kuanza kurekebisha dirishani mama akiwa kwenye machela.

Hata hivyo, kukosa SHA kusiwazuie kutoka nyumbani. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Deni hujadiliwa na mtu aliye hai.

Wapi pa kwenda

Hili ndilo kosa linalonisikitisha kuliko mengi: kupanda ngazi moja moja wakati mama anahitaji ya juu. Zahanati na kituo cha afya vinafaa sana kwa uzazi wa kawaida, na ni lazima mviendee kwa kliniki. Lakini kuongezewa damu na kufanyiwa upasuaji ni kazi ya hospitali. Upande wa Bungoma, hospitali kubwa za umma ni ya rufaa ya kaunti mjini na ile ya Webuye. Upande wa Trans Nzoia ni Kitale, ambako kuna hospitali ya rufaa ya Wamalwa Kijana. Juu ya hizo kuna hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret, kama kilomita 70 kutoka Kitale. Kwenye barabara ya kutoka Kitale kwenda Webuye kuna za misheni, Misikhu na Lugulu, na zijueni mapema, kwa sababu mgomo ukitokea katika hospitali za serikali ndizo watu hukimbilia. Mwaka 2017 manesi waligoma kwa muda wa karibu miezi mitano, na 2024 madaktari wakagoma kuanzia Machi hadi Mei. Mjamzito hasogezi siku zake kwa ajili ya mgomo.

Mkiwa kliniki, ulizeni hospitali mnayoikusudia ina nini: upasuaji unafanyika usiku na Jumapili? Mtu wa kutoa dawa ya usingizi analala hapo hapo au anaitwa kutoka mbali? Damu ipo? Jibu la mwaka jana si la mwaka huu, basi ulizeni tena mimba ikikaribia kukomaa.

Aliyewahi kuzaa kwa upasuaji, mwenye mapacha, mwenye presha, ambaye mtoto amekaa vibaya, aliyetoka damu nyingi uzazi uliopita, na binti mdogo ambaye mwili wake haujakomaa: hawa wasianzie zahanati kabisa siku ya uchungu. Na kama anakaa mbali, huko Endebess ndani, Cheptais au milimani Cherangany, mwezi wa mwisho ahamie kwa ndugu aliye karibu na hospitali. Kukaa wiki tatu kwa shemeji Kitale mjini kuna usumbufu wake, lakini ndiyo njia pekee ninayoijua ya kuufuta kabisa ucheleweshaji wa barabarani.

Njiani

Kwa pikipiki, mama akae katikati na mtu mzima nyuma yake amkumbatie. Mwenye kuzirai au degedege asipandishwe pikipiki mkiwa na njia nyingine yoyote, hata machela ya kubebwa na wanaume wanne hadi barabarani. Ndani ya gari alale kwa ubavu wa kushoto kiti cha nyuma. Simu moja iwe na chaji. Kijitabu cha kliniki kisisahaulike.

Mkipitia kituo kidogo na kupewa rufaa, msiondoke na maneno matupu. Ombeni barua yenye tatizo, dawa alizopewa na saa alizopewa. Mwombeni nesi apige simu kule mnakokwenda, ajibiwe na mtu mwenye jina kwamba daktari yupo na chumba cha upasuaji kinafanya kazi. Sheria ya Afya ya 2017 inahesabu kumtuliza mgonjwa na kumpangia rufaa kuwa sehemu ya matibabu ya dharura. Mnachoomba ni kazi yao, kwa hiyo ombeni bila woga na bila kelele. Nesi akiweza kusindikiza, dripu itabaki mahali pake na mama hatakuwa peke yake na watu wasiojua.

Getini na wodini

Mnafika. Benchi limejaa, mlinzi anasema pangeni foleni. Usikae. Mtu mmoja abaki na mama, mwingine amfuate nesi yeyote na aseme mambo matatu kwa ufupi: mimba au uzazi, tatizo, saa lilipoanza. "Sista, mke wangu amejifungua saa tatu, damu haikatiki, sasa anazirai." Au: "Ana mimba ya miezi minane, presha ni 170 kwa 110, ameshikwa na degedege mara moja njiani." Acha historia ya safari na ya kijiji. Nesi mwenye wagonjwa ishirini anachagua kwa masikio, na maneno hayo ndiyo yatakayomfanya ainuke.

Akishapokelewa, ulizeni anasubiri nini. Kama ni damu, ndugu wa kutoa damu waitwe saa hiyo. Kama ni sahihi ya upasuaji, mama mwenyewe ana haki ya kutia sahihi akiwa na fahamu, asingojwe mume. Kama ni daktari, ulizeni ameitwa saa ngapi, na baada ya nusu saa ulizeni tena. Na hali ya mama ikibadilika kitandani, semeni. Wengi hunyamaza kwa kuogopa kuonekana wasumbufu.

Najua woga huo ulikotoka. Agosti 2013, miezi miwili tu baada ya uzazi kutangazwa kuwa bure, mama mmoja aliyekwenda hospitali ya wilaya ya Bungoma, kama ilivyoitwa wakati huo, aliikuta wodi ya kujifungulia imejaa, akaanza kurudi peke yake, akaanguka na kuzaa sakafuni koridoni. Alipopata fahamu, manesi walikuwa wakimtukana na kumpiga. Tukio lilinaswa kwenye video. Mwezi Machi 2018 Jaji Abida Ali-Aroni wa Mahakama Kuu mjini Bungoma aliamua kwamba haki zake na utu wake vilivunjwa, akaamuru aombwe radhi rasmi na alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5. Hukumu hiyo ni ya kila mama wa kaunti hizi mbili. Ikiwa umetendewa hivyo, andika tarehe, saa na wodi, na upeleke malalamiko kwa msimamizi wa hospitali, kisha Baraza la Wauguzi au Baraza la Madaktari. Lakini usiku wa dharura wenyewe si wa kugombana. Usiku huo ni wa kusimama karibu na kitanda na kuuliza tena.

Wiki sita za baada

Mama akiruhusiwa, watu hulegea, na wageni huanza kuja na unga wa uji. Endeleeni kuitazama presha: degedege linaweza kumpata mama aliyekwisha kuzaa salama. Endeleeni kuitazama damu inayorudi ghafla, homa, kidonda cha upasuaji kinachotoa usaha, mguu mmoja uliovimba na kuuma, kupumua kwa shida. Dalili zikija, ile ruhusa ya "nenda, usiningoje" bado inafanya kazi, na mwendesha bodaboda ni yule yule.

Na yupo mama ambaye alichelewa, akapona, mtoto pengine hakupona, na sasa mkojo au choo kinamtoka bila yeye kujua. Anajifungia ndani, anafua leso usiku, anaacha kwenda kanisani au msikitini. Hiyo ni fistula, tundu lililosababishwa na kichwa cha mtoto kukandamiza kwa muda mrefu. Si laana, na haitokani na uchafu. Inashonwa. Eldoret kuna hospitali ya Gynocare inayoshughulikia fistula, nayo imewatibu wanawake wengi bila malipo. Kama unamjua mama wa namna hiyo katika kijiji chenu, nenda kwake peke yako, mkae ndani, umwambie kwamba tiba ipo, na ujitolee kusafiri naye.